Samaki Wangapi Ni Wengi Mno? Maswali Yenu Kuhusu Matangi Makubwa

Barua nyingi za awamu hii zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nitajuaje kama tangi langu limejaa kupita kiasi? Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ametuletea namba zote zinazohitajika, na hesabu yake inaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu.

SWALI: Wahariri, salamu. Nina tangi la kioo la samaki wa maji baridi lenye urefu wa sentimita 200, upana 60 na kimo 60. Fundi aliyelitengeneza alisema linabeba lita 720. Ndani mna oskari 4 wa sentimita 15, silva shaki 5 wa sentimita 12, paroti 6 wa sentimita 10 na pleko 2 wa sentimita 18. Nimeweka mawe ya kilo 80 na mchanga wa kilo 60. Kila Jumamosi nabadilisha robo ya maji. Pakiti ya chakula ya kilo moja huniishia kwa siku 70. Amonia na nitriti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ni sifuri, ila nitrati, ile inayobaki mwisho, inatoka nyekundu iliyoiva na siwezi kujua kama ni miligramu 80 au 160 kwa lita. Muuzaji anasema kanuni ni sentimita moja ya samaki kwa lita moja, hivyo bado nina nafasi tele. Nimwamini?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Usimwamini, ndugu yetu. Tangi lako limeshazidiwa, na samaki wako bado ni wadogo.

Kwanza turekebishe hizo lita 720. Fundi alizidisha vipimo vya nje. Kwa kioo cha milimita 12, ndani unabaki na urefu wa sentimita 197.6 na upana wa 57.6. Kwenye kimo, toa kioo cha chini na zile sentimita 5 ambazo watu wengi huacha juu bila maji, zinabaki 53.8. Zidisha zote tatu, gawa kwa 1,000, unapata lita 612. Sasa toa mawe. Jiwe la kawaida lina kama kilo 2.6 kwa kila lita ya ukubwa wake, kwa hiyo kilo 80 zimekula lita 31. Punje za mchanga, kwa hesabu hiyo hiyo, zimekula 23. Samaki wako wanaishi kwenye lita 558. Lita 162 zilizobaki zipo kwenye maneno ya fundi tu. Siku ukilijaza tangi upya, tumia ndoo ya lita 20 na uhesabu ndoo. Hakuna kipimo cha uhakika kuliko hicho.

Sasa kanuni ya muuzaji. Jumla ya urefu wa samaki wako leo ni sentimita 216. Wakikua, oskari watafika 30 hivi, silva shaki 30, paroti 20 na pleko 40, na jumla itakuwa 470. Kwa kanuni yake bado uko salama hata siku hiyo! Kasoro iko hapa: kanuni inahesabu urefu peke yake, lakini samaki hakui kwa urefu tu. Oskari akitoka sentimita 15 kufika 30 ameongezeka mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa unene na mara mbili kwa kimo cha mwili. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Ni kweli kwamba samaki mkubwa hula kidogo kwa kila gramu ya mwili wake kuliko mdogo, kwa hiyo uchafu haupandi mara nane kamili, lakini unapanda mara kadhaa wakati kanuni inakuonyesha mara mbili tu. Kanuni hiyo inafaa kwa visamaki vya sentimita 3 au 4. Kwa oskari itupe.

Pima chakula badala yake, kwa sababu kila uchafu unaotoka kwa samaki uliingia kwa mkono wako. Kilo moja kwa siku 70 ni gramu 100 kwa wiki. Soma kwenye pakiti asilimia ya protini; vyakula vingi vya punje vya samaki hawa viko karibu na 42. Wafugaji wa samaki hutumia kizidishi cha 0.092 kukadiria naitrojeni itakayotoka kama amonia: 100 × 0.42 × 0.092 ni gramu 3.86. Bakteria wa chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na kila gramu moja ya naitrojeni hutoa gramu 4.43 za nitrati. Hapo tunapata gramu 17.1 za nitrati kila wiki. Zigawe kwa lita 558: maji yako yanapanda kwa takriban miligramu 31 kwa lita, kila wiki.

Nitrati hiyo haiendi popote isipokuwa uitoe kwa ndoo au imezwe na mimea. Ukibadilisha sehemu ile ile ya maji kila wiki, tangi hufika mahali linapotulia, na hapo pana hesabu fupi: gawa ongezeko la wiki kwa sehemu unayobadilisha. Kwako ni 31 kugawa kwa 0.25, yaani 124 kabla ya kubadilisha maji na 93 baada ya kubadilisha. Ndiyo maana rangi inakusumbua kati ya 80 na 160. Ungebadilisha nusu kila wiki ingekuwa 62 kabla na 31 baada. Nusu mara mbili kwa wiki, 31 kabla na kama 15 baada.

Hesabu hii ni makadirio, kwa hiyo ithibitishe kwa vipimo vya matone. Saa moja baada ya kubadilisha maji, pima nitrati na uandike. Lisha kama kawaida siku 7 bila kubadilisha kitu, pima tena, kisha toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti ndiyo unayoitafuta. Rangi ikiwa nyekundu mno, changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na sehemu 4 za maji safi yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri (si asidi yake!), pima, kisha zidisha kwa 5. Chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikise kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha. Dawa yake hutuama chini, na asiyeitikisa hupata namba ya uongo iliyo ndogo. Angalia pia karatasi ya maelekezo: baadhi ya vipimo husoma naitrojeni peke yake, na hivyo namba yake lazima izidishwe kwa 4.4.

Usisahau kupima maji unayoyaingiza. Visima vilivyo karibu na mashimo ya vyoo vinaweza kuwa na nitrati tayari. Ikiwa maji ya kisima chako yana 20, basi hata ukibadilisha kila siku hutashuka chini ya 20, na kosa si la samaki.

Msimamo wetu ni huu: ongezeko la chini ya 10 kwa wiki ni tangi lenye nafasi. Kati ya 10 na 20, linabebeka kwa mtu anayebadilisha nusu ya maji kila wiki bila kukosa. Likipita 20, samaki ni wengi au chakula ni kingi, mara nyingi vyote viwili. Wewe uko 31.

Jambo lingine linakwenda pamoja na hili na wengi hawalioni. Bakteria wanapogeuza amonia hula ugumu wa kabonati, ule unaozuia pH (kipimo cha uasidi wa maji) isianguke. Kila gramu ya naitrojeni hula gramu 7.14 zikihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Kwako ni gramu 27.6 kwa wiki, karibu digrii 2.8 za ugumu kwa maji yote ya tangi lako. Kama maji yako yanaingia na digrii 5 na unarudishia robo tu, baada ya wiki chache hakuna kilichobaki. pH itaporomoka, bakteria watalegea, na ile amonia unayoiona sifuri leo itajitokeza. Nunua kipimo cha ugumu wa kabonati. Kikisoma chini ya 4, ujue hatari iko mlangoni.

Watakushauri ununue chujio kubwa zaidi. Chujio kubwa ni jema kwa amonia na kwa kunasa kinyesi, lakini halipunguzi nitrati hata kidogo, kwani nitrati ndiyo inayozalishwa na chujio lenyewe. Na kinyesi kilichonaswa kwenye sponji bado kimo ndani ya maji yako mpaka siku utakayoikamua. Ikamue kila wiki mbili au tatu kwenye ndoo ya maji ya tangi. Ukiiosha kwa maji ya bomba yenye klorini utaua bakteria uliowalea miezi mingi.

Kilichobaki ni hewa, na kwa joto la Dar hili ni zito. Maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa hubeba oksijeni miligramu 8.3 kwa lita; yakifika 30 hubeba 7.6 tu, na wakati huo huo samaki wanahitaji zaidi. Mpimie pumzi samaki mmoja, yule yule. Alfajiri kabla ya kuwasha taa, hesabu shavu lake linafunguka mara ngapi kwa sekunde 30. Rudia saa 9 alasiri. Kama alfajiri anahema haraka kwa kiasi kinachoonekana, au kundi zima limepanda juu midomo ikigusa uso wa maji, hewa haitoshi usiku. Elekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji utikisike tangi zima, na ongeza mawe mawili ya hewa, yale yanayotoa mapovu. Wakituliza pumzi, tatizo lilikuwa uso wa maji kutulia. Wasipotulia, tatizo ni idadi.

La kufanya sasa. Tafuta nyumba nyingine kwa oskari wawili na pleko mmoja, kisha uchague kati ya paroti na silva shaki. Makundi yote mawili hayatakaa humo yakikua. Sisi tungewabakiza paroti, maana silva shaki ni samaki wa kukimbia kwa kundi, huogopa na kuruka, na mita mbili wanazimaliza kwa pigo moja la mkia. Lisha mara moja kwa siku na uache siku moja ya wiki bila chakula. Ukishuka kutoka gramu 100 hadi 70, ongezeko lako linashuka kutoka 31 hadi 21 kabla hujamtoa samaki hata mmoja. Ila usikimbilie kumwaga maji yote Jumamosi hii. Samaki waliozoea nitrati ya 120 na pH iliyoshuka wakitiwa ghafla kwenye maji mapya hupata mshtuko. Badilisha robo kila baada ya siku moja kwa wiki mbili, ndipo uanze kubadilisha nusu kila wiki. Ukijaza kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani, dawa ya kuondoa klorini iweke kwa kipimo cha tangi zima, si cha maji uliyoongeza tu.

SWALI: Shikamooni. Mimi nafuga mbuna 45 kwenye tangi la lita 450 halisi, pH 8.3. Wazoefu huniambia mbuna lazima wajazane ili wasipigane. Sasa mnaposema tusijaze, mimi nifuate lipi?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Marahaba, dada. Wazoefu wako wanasema kweli. Mbuna ni samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, na dume hulinda pango lake kwa ukali. Wakiwa wachache, dume mmoja humwandama mnyonge mmoja mpaka amuue. Wakiwa wengi, hasira hutawanyika na hakuna anayepata muda wa kumshughulikia mwenzake. Demasoni, yule mdogo mwenye milia ya buluu anayetoka upande wa Tanzania wa ziwa hilo, ndiye mfano mkubwa: fuga 12 au zaidi, au usimfuge.

Lakini kuwajaza ni deni unalolipa kila wiki. Na kwako riba iko juu kwa sababu ya pH. Amonia ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua kila sura ipate sehemu gani. Kwa maji ya nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu ni kama asilimia 0.6. Kwenye pH 8 ni 5. Kwenye 8.5 ni 15. Amonia kidogo ambayo mwenye oskari kwenye pH 7 angeivumilia siku mbili, kwako inaunguza matamvua, yale ya kupumulia, siku hiyo hiyo. Kwa hiyo pima amonia saa mbili au tatu baada ya kulisha, wakati imepanda, wala usiridhike na kipimo cha asubuhi. Ikionyesha rangi yoyote zaidi ya sifuri, 45 ni wengi kwa chujio ulilonalo.

Sharti la pili ni mzunguko wa maji: pampu zako zote pamoja zisukume walau mara 8 ya ujazo kwa saa, yaani lita 3,600 kwako. Namba ya kwenye boksi hupimwa bila sponji wala bomba la kupandisha, hivyo nunua kwa theluthi zaidi. Nusu ya maji kila wiki. Mawe yapangwe yafike karibu na juu, yakiwa na mapango mengi kuliko madume.

Na angalia mikia. Kwenye tangi lililojazwa vizuri utaona fujo ya kukimbizana, lakini mapezi ni mazima. Ukiona samaki watatu au wanne wamejibana pembeni juu karibu na hita, mapezi yamekunjwa na ncha za mikia zimeliwa, kuwajaza kumeshindwa kazi yake. Hesabu madume. Mara nyingi yamezidi, na kuyapunguza mpaka kila dume liwe na majike matatu huleta utulivu kuliko kuongeza samaki wengine kumi. Usiwazidishie chakula cha nyama. Wengi wao ni wala mwani wenye utumbo mrefu, na tumbo huvimba wakafa.

SWALI: Umeme ukikatika kwangu, samaki hupanda juu ndani ya dakika 40. Je, hiyo ni dalili ya kuzidiwa? Tangi ni lita 500.
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ndiyo, dalili ya wazi. Tangi kubwa lenye samaki wa kiasi huvumilia saa kadhaa bila pampu. Dakika 40 maana yake unaendesha bila akiba. Nunua pampu ya hewa ya betri leo, na wakati wa giza usilishe hata punje moja, maana samaki aliyeshiba hutumia hewa zaidi.

Umeme ukirudi baada ya saa mbili au zaidi, usiwashe chujio la kopo lililofungwa kabla ya kulifungua. Bakteria ndani yake wametumia hewa yote na kuanza kufa, na maji yaliyochacha humo yatamwagika juu ya samaki wako. Linuse: likinuka kama yai viza, mwaga maji hayo, suuza sponji kwenye maji ya tangi, kisha washa. Halafu pima amonia na nitriti kila siku kwa siku 5. Nitriti ikionekana, gramu 1 ya chumvi ya mezani kwa kila lita 10 husaidia kuizuia isiingie kwenye damu kupitia matamvua, huku ukibadilisha maji.

SWALI: Je, moni planti, ule mmea wa mapambo unaotambaa, ikiwa na mizizi ndani ya tangi inapunguza nitrati?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Inapunguza, ikishaotesha mizizi mingi na ikipata mwanga wa kutosha kwenye majani. Iache majani yote nje ya maji. Usituamini kwa maneno: fanya kile kipimo cha siku 7 kabla ya kuiweka, kisha tena baada ya miezi miwili. Kama ongezeko limetoka 25 hadi 18, hiyo ndiyo thamani yake kwako. Kata mizizi inayokaribia mdomo wa pampu.

SWALI: Nimekubali samaki wangu wamezidi. Naweza kuwaachia ziwani?
*Msomaji, Bukoba*

JIBU: Hapana, tafadhali sana. Hilo gugumaji mnalopambana nalo ni mmea ulioletwa Afrika kwa ajili ya urembo, na lilionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Pleko au oskari si wa ziwa hilo, na magonjwa waliyonayo tangini samaki wa ziwani hawayajui.

Warudishe kwa muuzaji hata bila kulipwa, au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi. Kabla ya kuwasafirisha, usiwalishe kwa siku mbili ili wasichafue maji njiani. Wadogo weka kwenye mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, mfuko ndani ya mfuko. Pleko mkubwa usimweke kwenye mfuko, miiba ya mapezi yake huutoboa. Mtie kwenye ndoo ya lita 20 yenye kifuniko chenye matundu, iliyojaa nusu, na uifunike kwa kitambaa cheusi ili atulie.